Wasangu kwenye kitabu cha historia: anza na vitenzi

Katika vitabu vya historia vya shule, mara nyingi Wasangu, watu wa Usangu mkoani Mbeya, huambulia sentensi moja tu, tena ndani ya habari za Mkwawa, mtawala wa Wahehe: walishirikiana na Wajerumani. Ukiisoma Kalenga, kwa Wahehe, inapita kimya. Isome Rujewa, kwa Wasangu, uone.

Sentensi si ya uongo. Kasoro iko mahali habari inapoanzia. Kitabu kinaanza Lugalo, 17 Agosti 1891, Wahehe wanashinda na kamanda wa Kijerumani, Zelewski, anauawa. Kinaruka hadi Kalenga, ngome ya Mkwawa, inapoanguka Oktoba 1894, na hapo Wasangu wanachomoza upande wa Mjerumani bila sababu yoyote. Kumbe ugomvi una umri mkubwa kuliko boma la Mjerumani. Munyigumba, baba yake Mkwawa, alipigana na Merere, mtawala wa Wasangu, miaka ya 1870, na Wahehe wakawatoa Wasangu kwao Utengule. Wakahamia Usafwa, wakajenga ngome nyingine na kuipa jina lilelile. Ndiyo maana Mbeya ina Utengule ya Mbarali na Utengule ya jirani na Mbalizi. Ramani hiyo peke yake inatosha kufungua somo.

Baada ya ramani, vitenzi. Kipindi cha dakika 80 kinatosha. Kila kundi la wanafunzi lipate nakala ya kurasa mbili za kitabu hicho na kalamu za rangi tatu: moja ya Wahehe, moja ya Wangoni, moja ya Wasangu. Wapigie mstari vitenzi tu, kisha uviorodheshe ubaoni. Tarajia Wahehe “walipanua utawala”, Wangoni “walivamia”, Wasangu “walisaliti”. Sasa hamisha vitenzi: “Wahehe waliivamia Usangu.” Waulize ni neno gani katika sentensi hiyo si kweli.

Hapa ndipo somo huharibika. Darasa linageuza meza, Mkwawa anakuwa mwovu na Merere shujaa, na mwalimu anabaki na kosa lilelile lililovaa kanzu nyingine. Dawa yake ni mwaka 1905. Wangoni wale wale “wavamizi” wanaingia vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani na kuitwa mashujaa, kiongozi wao Songea Mbano ananyongwa 1906, huku Wahehe wengi hawakujiunga na vita hivyo. Kila kundi liandike mstari mmoja kwa 1894 na mmoja kwa 1905: mwaka huo, adui wa karibu wa watu hawa alikuwa nani? Jibu la Wasangu la 1894 halitakuwa Mjerumani.

Mtego mwingine ni utani. Wahehe na Wangoni wana utani uliotokana na vita vyao, na mwanafunzi atauchomeka tu. Uache dakika mbili, kisha rudi kwenye vitenzi. Ila neno “wasaliti” likitumika kumtania mwanafunzi Msangu aliyeketi peke yake kati ya arobaini, huo si utani tena. Likatishe hapo hapo.

Zoezi hili lisiwekwe wiki ya mtihani. Mwenye kutafuta alama ataandika “walishirikiana na Wajerumani” na kufunga daftari.