Unagawanya kwa ngapi? Nilivyohesabu wanaobaki na wanaohitimu chuo cha sheria

Ofisi ya taaluma ya chuo kimoja cha sheria hapa Tanga ilitaka mambo mawili: kati ya wanaoanza stashahada, wangapi wanafika mwaka wa pili, na wangapi wanahitimu. Nilidhani ni kazi ya siku mbili. Ilikula wiki tano, nyingi kwa sababu ya swali moja: unagawanya kwa ngapi?

Chuo kilikuwa kikigawanya waliofaulu kwa waliofanya mtihani wa mwisho. Tuseme waliripoti 120, wakafanya mtihani 90, wakafaulu 78. Hapo unapata asilimia 86.7. Gawanya kwa 120, inashuka hadi 65. Wale 30 walioyeyuka njiani ndio habari yenyewe, na kwenye hesabu ya kwanza hawaonekani kabisa.

Orodha ya udahili nayo haifai, maana mtu huchaguliwa vyuo viwili vitatu akaenda kimoja. Nilichukua waliosajiliwa na kulipa awamu ya kwanza ya ada hadi mwisho wa wiki ya nne, nikaifunga orodha. Aliyehamia kutoka chuo kingine haingii. Anayerudia mwaka hubaki kwenye kundi aliloanza nalo. Ukihesabu vichwa darasani mwaka wa pili pamoja na wanaorudia, ukagawanya kwa walioanza mwaka jana, usishangae kupata zaidi ya asilimia 100.

Kuunganisha orodha za mihula kwa majina ni kujitafutia balaa: Mwanahamisi wa muhula wa kwanza ni Mwanahamis wa muhula wa pili. Nilitumia namba ya mtihani wa kidato cha nne. Hata hiyo, mmoja huiandika kwa mikwaju, mwingine kwa nukta, na Eksel inaona watu wawili. Futa alama na nafasi zote kwanza. Aliyerudia mtihani ana namba mbili. Shika ile aliyosajiliwa nayo.

Kisha kila mtu nikampa hali moja tu: anaendelea, amehitimu, ameahirisha, amehama, amedisko (ameondolewa chuoni kwa kufeli), ameacha, amefariki. Kuahirisha bila barua sikukubali. Mahudhurio yalinidanganya sana, kwa kuwa wasiofika darasani wenzao huwasainia. Daftari la mhasibu lilisema kweli zaidi. Aliyelipa mara ya mwisho Novemba na hayupo kwenye matokeo ya Februari, ameacha. Waliohama nina safu yao peke yao. Hata Marekani, chombo cha ABA, chama cha wanasheria cha huko, kinapotazama vyuo vya sheria huwatenganisha waliohama na walioacha, kwa kuwa chanzo si kimoja.

Usichanganye pia kufaulu mara ya kwanza na kuhitimu. Mwaka 2022, Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School of Tanzania) ya Dar es Salaam ilipotoa matokeo ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, wenye sapu (mitihani ya kurudia) 265, waliofeli 342. Asilimia 4.1 ikasambaa kana kwamba ndio wahitimu wote, ilhali wale 265 walikuwa bado hawajamaliza safari. Kwa hiyo kila kundi nalipima mara mbili: muda wa kawaida wa programu ukiisha, na tena mwaka mmoja baadaye.

Mwisho, jumla ya safu zote lazima irudi 120. Ikitoka 119, tafuta kwanza aliyebadili programu ndani ya chuo hichohicho.