Akani au Zakayo

Mwaka 2006 Dar es Salaam ilishinda gizani. Ukame ulikuwa umeshusha maji ya bwawa la umeme la Mtera, mgao wa umeme ukawa wa kutwa, na kwaya yetu ya vijana ikakwama. Naiita ya vijana kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa kwenye sare, ingawa wapo waliokuwa na wajukuu. Tulizoea kufanya mazoezi kwa magitaa matatu, kinanda na spika zilizoijaza nusu ya kanisa. Umeme ukikatika, wapigaji vyombo walikuwa hawana kazi, waimbaji wakikaa kwenye mabenchi wakisubiri, na mwalimu akiangalia saa.

Mimi nilikuwa katibu, nikiimba sauti ya pili. Kwenye kauntabuku ya mihtasari, kuanzia kurasa za nyuma, nilikuwa naandika riwaya. Mwalimu aliifungua kwa bahati tu, akitafuta orodha ya michango ya sare. Akasoma kurasa mbili pale pale, akaniambia nisimame mbele niwasomee wenzangu mpaka umeme urudi. Basi ikawa desturi: Jumatano, kandili mezani, sura moja.

Kisa chenyewe kilihusu kwaya iliyorekodi albamu. Usiku wa kuamkia siku ya kuipeleka masta, ile rekodi mama, kwa msambazaji Kariakoo, masta ikapotea kabatini, na wiki iliyofuata kanda feki zikawa zinapigwa stendi ya Ubungo kabla kwaya haijaona hata kava ya kanda halali. Mpelelezi alikuwa mlinzi wa kanisa, polisi mstaafu anayeimba besi.

Nilipata taabu sana na mtu huyu. Nimekulia kwenye vitabu vya mpelelezi Willy Gamba alivyovificha baba yangu chini ya godoro, na Willy Gamba ana bastola, ana gari, ana bia na ana wanawake. Wangu alikuwa na tochi na Biblia. Nilipotaka amkimbize mtuhumiwa ilibidi apande daladala, na konda akamdai nauli katikati ya msako. Kwaya ilicheka mpaka wakaangusha benchi, wakati mimi nilikusudia waogope.

Hofu niliipata mahali pengine, katika kitabu cha Yoshua sura ya saba. Sijaona riwaya ya upelelezi inayobana kuliko ile. Israeli wamepigwa Ai, hawajui kwa nini, na Bwana anasema kuna aliyeiba vitu vilivyowekwa wakfu. Kesho yake asubuhi kura inapigwa. Inaangukia kabila la Yuda. Kisha jamaa ya Wazera. Kisha nyumba ya Zabdi. Kisha wanaletwa mmoja mmoja, na Akani amesimama mle mle muda wote, akiona duara linavyopungua, na joho la Shinari limefukiwa ndani ya hema yake pamoja na fedha na kabari ya dhahabu. Nani mwingine anaweza kuandika hivyo bila bastola? Nikamwiba Yoshua bila aibu. Kila sura nilipunguza watuhumiwa, na kila Jumatano watu walitoka wakitazamana.

Sura ya tisa ndiyo iliyobakiza watu wawili: mwenye ufunguo wa kabati na mwenye mfuko wa fedha. Nilimweka mwenye mfuko makusudi, kwa sababu ya Yohana 12:6, pale inaposemwa kwamba Yuda Iskariote ndiye aliyeshika mfuko. Nilipomaliza, kwaya nzima iligeuza shingo kumwangalia Mweka Hazina wetu, kwa utani, wengine wakimpigia makofi. Yeye hakucheka. Akachukua mwavuli wake akatoka kabla ya sala ya kufunga, na kwetu hakuna aliyekuwa akitoka kabla ya sala ya kufunga.

Hapa inabidi nieleze ya kwetu wenyewe, maana mapema mwaka huo tulikuwa tumetoa albamu ya kweli. Nyimbo nane, nne upande A na nne upande B. Studio ililipwa kwa saa, na kwa kuwa umeme haukuwepo tuliendesha kwa jenereta, mafuta juu yetu. Mpiga solo alipokosea, kila mtu alisikia petroli ikiungua. Tukafanya uzinduzi. Mgeni rasmi akanunua kanda ya kwanza kwa bei ya mbuzi mzima, wageni wengine wakafuata, zikachangwa ahadi, na nusu ya ahadi hizo bado nazidai. Kisha tukaenda Kariakoo, Mwenyekiti, Mweka Hazina na mimi, tukiwa na masta ndani ya bahasha ya kaki.

Mkataba ulikuwa ukurasa mmoja wa Kiingereza. Msambazaji alikuwa mtu mpole, alituagizia soda, akatuacha tusome. Tulisoma kwa namna wanavyosoma watu wanaoona haya kuuliza. Ulisema tunaiuza kazi yote, kwa malipo ya mara moja, na msambazaji ataifanyia atakalo. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, ile iliyoianzisha COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, inampa mtunzi haki katika kazi yake maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Mwalimu wetu aliyezitunga nyimbo zile hakuwepo hata pale dukani, alikuwa kazini. Mwenyekiti akasema tuombe, tukainamisha vichwa juu ya kaunta, tukasaini. Fedha ile ililipa deni la studio na ikabaki ya kununulia kinanda kilichotumika. Miaka mingi baadaye, mwaka 2013, stika za kodi za TRA, mamlaka ya mapato, zilipoanza kubandikwa kwenye kanda na sidii, wanamuziki walizungumzia namna nakala zao zitakavyohesabika. Sisi hatukuwa na cha kuhesabiwa.

Mwizi wa riwaya yangu alihitaji usiku, kufuli na tochi. Sisi tulisaini saa nne asubuhi.

Usiku ule wa sura ya tisa nilimkuta Mweka Hazina getini, amesimama peke yake, mtaa mzima giza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti. Bwana asifiwe."

"Amina."

Akasema atanisindikiza hadi kituoni. Tulitembea kimya mpaka kwa muuza mihogo, ambako kulikuwa na kibatari, na pale ndipo aliposimama.

"Yule mtu wako mwenye mfuko. Utamkamata?"

"Bado sijafika huko, baba."

"Lakini unajua utakavyofanya."

Nikamjibu kwamba najua. Alikuwa mtu mzima kwangu, mwenye umri wa baba yangu mdogo, aliyewahi kunilipia nauli mara kadhaa, na sikuwa na ujasiri wa kumdanganya.

"Mwandike atubu," akasema. "Lakini atubu kabla hawajafika kwake. Wakishafika, hata akitubu ni ya Akani ile. Akani alikiri vizuri tu, akaeleza mpaka mahali alipofukia. Wakampiga mawe."

Nikajaribu kujitetea kiuandishi. Nilimwambia akitubu sura ya kumi, zilizobaki nitaziandika nini? Msomaji anataka aone mtu anavyobanwa.

"Zakayo alibanwa na nani?" akauliza. "Alikuwa juu ya mti wake, hakuna aliyemshitaki. Alipoitwa akashuka, akasema mwenyewe kwamba anarudisha mara nne. Watu wanasoma habari zake mpaka leo."

Sikuwa na jibu. Nikamsikia anavuta pumzi, na nikajua kabla hajasema kwamba hatuzungumzii riwaya tena.

Alisema siku ile ya Kariakoo, mimi na Mwenyekiti tulipotangulia kutoka, yeye alirudi kuchukua mwavuli aliousahau. Msambazaji akampa bahasha ndogo, akamwambia hiyo ni ya soda. Alipofungua nyumbani akakuta elfu arobaini. Siku ile ile mtoto wake wa kati alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka shule kwa ajili ya ada. Akailipa. Tangu hapo, kila nilipowasha kandili na kufungua kauntabuku, alikuwa akisubiri nimtaje kwa jina.

"Sikuiba masta, binti," akasema.

"Najua, baba. Masta tuliiuza."

Akaniangalia muda mrefu, kama mtu anayetafuta kama nimemtukana. Sikuwa nimemtukana. Nilikuwa nayafikiria yale maneno yangu mwenyewe kwa mara ya kwanza. Elfu arobaini ilikuwa imemkosesha usingizi miezi mitano, na karatasi ile iliyobeba nyimbo zetu zote haikuwa imemkosesha usingizi mtu yeyote kati yetu, kwa sababu tuliiombea. Daladala ikaja, nikapanda, yeye akabaki kituoni.

Wiki ile niliandika upya. Mwenye mfuko alikwenda mwenyewe kwa mlinzi, alfajiri, akakiri kwamba alipokea kitu kidogo kutoka kwa mnunuzi. Nilidhani nimeiua hadithi. Kumbe aliyekiri hakuwa mwizi wa masta, kwa hiyo duara likabaki na mtu mmoja, mwenye ufunguo, na wasomaji waliomshuku yule wa kwanza wakaanza kuona haya kumshuku huyu wa pili. Ilibana kuliko mwanzo. Wapo walionung'unika, mpiga besi alisema nimewanyima ngumi. Mimi nasema sura ile ndiyo pekee katika kauntabuku yote niliyoiandika kama mwandishi. Riwaya haikuchapwa. Mwaka uliofuata umeme ulitulia, mazoezi yakarudi kwa magitaa, na hakuna aliyeniuliza mwisho wake.

Lakini kabla ya hapo tulikuwa na kikao cha robo mwaka. Mweka Hazina alisoma taarifa yake, mapato, matumizi, salio, vyote vikalingana. Kwenye mengineyo akasimama tena na kusema ana sadaka ya shukrani kwa ajili ya kwaya. Akaiweka mezani, nikaihesabu kama ilivyokuwa kazi yangu, nikaandika kwenye muhtasari: shilingi 160,000. Alikuwa mtu wa mshahara mdogo. Nilijua hesabu ile ilitoka wapi, nikainamia karatasi nisimwangalie.

Mwenyekiti akafurahi sana, akauliza ni shukrani ya jambo gani, ili kwaya imwombee vizuri.

"Nilisahau mwavuli mahali," Mweka Hazina akasema, "nikaupata."

Wakacheka wote, na mmoja wa sauti ya tatu akataka kujua mwavuli huo unauzwa duka gani.