Masomo kwa kompyuta Rungwe bila kununua bando

Kila niliyemwomba ushauri wa kufundisha kwa vishikwambi (tableti) shuleni aliniambia ninunue bando. Hakuna aliyeuliza darasa lina watoto wangapi. Vishikwambi 20 vikifungua video ileile, inashushwa mara 20, na salio linakwisha kabla ya kengele.

Nilitumia Kolibri, programu ya bure inayofanya kazi bila intaneti. Masomo yanakaa kwenye Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya kukaa kiganjani (naiita Pi), ruta inayasambaza kwa Wi-Fi, mtoto anafungua kwa kivinjari. Niliyashushia mjini Tukuyu kwenye diski ya nje, nikachagua mada chache tu. Ukibeba mkusanyiko mzima, diski inajaa mambo ambayo muhtasari wetu wa masomo hauyataji.

Umeme ndio ulionipa raha ya kumshinda fundi. Betri ya sola iko ofisini, darasa liko mita 10 kutoka hapo. Alishusha volti 12 kuwa 5 palepale kwenye betri, akavuta waya mwembamba hadi darasani. Pi ikawaka vizuri. Watoto wakifungua video, inajizima. Fundi akasema Pi ni feki, tununue nyingine. Nikachukua kalamu. Waya wa milimita 0.75 za mraba, kwenda na kurudi mita 20, una ukinzani (kizuizi kwa umeme) wa omu 0.46 hivi. Pi ikivuta ampea 3, volti 1.4 zinapotea njiani, zinafika 3.6, na Pi huanza kulalamika chini ya 4.63. Nikahamishia kifaa cha kushusha volti darasani, waya uleule ukabeba volti 12. Hapo mzigo wa wati 15 unavuta ampea moja na robo tu, na upotevu ni kama volti 0.6, ambao kifaa kinaumudu. Haikugharimu hata mia.

Inveta, ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi, sikuweka, inakula umeme bure. Betri ya asidi ya Ah (ampea-saa) 100 nahesabu nusu yake, yaani Wh (wati-saa) 600. Kishikwambi cha mAh 5000 kina Wh 18.5, vyote 20, pamoja na hasara ya kuchaji, ni kama 450. Pi na ruta kwa saa sita, kama 70. Inatosha jua likiwepo. Miezi ya mvua nachaji nusu leo, nusu kesho, na watoto wanakaa wawiliwawili.

Mvua hiyohiyo ikipiga bati, sauti ya video haisikiki kabisa. Spika kubwa ni kupoteza hela. Weka video zenye maandishi chini, au nunua vigawanyio vya spika za masikioni, kimoja kwa watoto wawili.

Somo lililotengenezewa Marekani halifai likiletwa lilivyo, hata likiwa kwa Kiswahili. Sehemu, kama nusu na robo, linazifundisha kwa sarafu zao, vipimo ni inchi na maili. Hizo nilizitoa, nikatunga maswali ya robo kilo ya sukari na nusu lita ya mafuta, maana watoto hawa hutumwa dukani kila siku. Mpangilio nilifuata muhtasari wa Taasisi ya Elimu, siyo wa video.

Halafu toeni laini za simu kwenye vishikwambi. Android ikiona Wi-Fi haina intaneti inahamia data kimyakimya, na utadhani ruta imekufa. Na Pi izimwe kwa amri, isichomolewe, kadi yake ya kumbukumbu inaharibika. Nakala ya kadi yangu iko kabatini, tayari kuchomekwa.