Jinsi Nilivyozuia Ndoana Zisichomoke kwenye Chambo cha Mti

Chambo bandia ninachochonga kwa mti mwepesi hapa Goma, kwa ajili ya kambare wa Ziwa Kivu, kilikuwa kikirudi bila ndoana, kwa sababu skrubu ndogo yenye kitanzi, inayobeba ndoana, hushikwa na nyuzi za mti peke yake, na mti ukishalowa na kuvimba, nyuzi hizo hulegea. Gundi ya haraka haikufaa kitu: ikikauka huwa ngumu, kisha hupasuka chambo kinapogonga mawe ya volkeno, na kwetu mawe hayo hayakosekani.

Niliondoa skrubu zote. Sasa ninapasua mfereji tumboni kwa msumeno mwembamba na kulaza humo waya mmoja wa chuma kisichoshika kutu, uliopita kutoka mdomoni hadi mkiani, wenye kitanzi kila upande, kila kimoja kikisokotwa mizunguko mitatu au minne iliyobanana. Samaki akivuta, anavuta waya, si mti. Mfereji ninaujaza epoksi (gundi ya sehemu mbili zinazochanganywa ili igande) iliyochanganywa na unga wa mbao, na rangi inasubiri saa 24. Waya wenyewe ninaupima kabla haujaingia, kwa kuuning'inizia ndoo yenye lita 10 za maji, yaani takriban kilo 10. Kitanzi kikifunguka hata kidogo, ninasokota kingine.