Siku Moja Maishani Mwangu: Mwosha Maiti wa Mikindani na Uzito wa Mwili

Ninaishi Mikindani, kilomita chache kabla ya kufika Mtwara mjini kwa anayetoka Lindi, na kazi yangu ya riziki ni cherehani. Kazi yangu nyingine, ambayo hailipwi na ndiyo inayonifanya niandike, ni kuosha maiti za wanawake wa Kiislamu. Wengi hudhani kwamba mwosha maiti ni mtu wa dua na moyo mgumu, basi. Moyo unahitajika, na elimu ya dini inahitajika zaidi, lakini ni wachache wanaowaambia wasichana kwamba kazi hii hufanywa kwa magoti, mgongo na viganja, na kwamba mwosha asiyeutunza mwili wake hufika siku akawa anatoa maelekezo kutoka kwenye kiti huku watu wasiojua wakihangaika na maiti.

Kuhusu marehemu wa siku hii sitasema lolote, na mtaa wake sitautaja. Mwosha ameamrishwa kusitiri anachokiona. Nitasema juu ya mwili wangu, na juu ya waliokuwa hai.

Saa 10 alfajiri. Ilikuwa Alhamisi, nami nilikuwa nimefunga. Nilikula daku ya muhogo wa kuchemsha na tende, nikanywa maji ya kutosha, nikaswali. Dawa yangu ya presha daktari alikwisha kunipangia niimeze usiku, na kabla ya kuanza kufunga nilimwomba ruhusa. Ninafunga Jumatatu na Alhamisi kwa sababu ni sunna, na ninalisisitiza hilo kwa kuwa akina mama wenzangu huniuliza kama saumu ndiyo iliyoniondolea kilo, na baadhi yao wamekwisha kuanza kufunga kwa nia ya kupunguza tumbo. Saumu ni ibada na ina nia yake. Anayetaka kupungua aanze na sahani yake ya siku asizofunga. Nimewaona wanaoshinda na njaa mchana kutwa, kisha Magharibi wakafuturu muhogo wa nazi, maandazi, viazi na uji wa sukari kwa mkao mmoja, halafu wakaulaumu mzani.

Saa 12 asubuhi. Nilitembea. Njia yangu hufuata barabara ya kando ya ghuba, ambako maji yakitoka wanawake huwa wamekwisha kushuka matopeni kutafuta chaza, kisha napanda kilima kupita kwenye Boma la Wajerumani na kurudi kwa nyuma. Kupanda kule ndiko kunakofanya kazi, kwa maana tambarare haimchoshi mtu aliyeizoea. Vijana wa bodaboda husimama na kuniambia, "Shikamoo mama, panda nikupeleke," wakidhani nimekosa nauli, nami huwajibu, "Marahaba wanangu, leo natembea." Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi. Hayo ya misuli ndiyo watu wa rika langu huyasahau. Mimi nikirudi nyumbani hukaa kwenye kigoda na kusimama bila kushika kitu, mara nyingi mpaka mapaja yawake moto, kisha hubeba ndoo ya lita 20 kutoka kwenye bomba hadi jikoni kwa mkono mmoja na kurudia kwa mwingine. Wapo wanaosema kuwa swala tano ni mazoezi tosha. Mimi naona swala tumepewa tumwabudu Mola, nao mwili una haki yake ya peke yake, kama Mtume alivyomweleza sahaba aliyezidisha kufunga na kukesha: hakika mwili wako una haki juu yako.

Siku nilipopimwa kwa mara ya kwanza nilikuwa na kilo 93, na urefu wangu ni sentimita 158. Muuguzi alinifundisha hesabu yenyewe: kilo zako zigawanye kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Yangu ilitoka 37, na kuanzia 30 kwenda juu huhesabiwa kuwa unene uliopitiliza. Sasa nina kilo 74, ambazo ni 29 na ushei, kwa hiyo bado nimo katika uzito uliozidi, maana kiwango cha kawaida huishia 24.9. Nayaandika haya waziwazi ili asije akadhani mtu kwamba anayezungumza ni mwembamba tangu kuzaliwa.

Na jambo ambalo watu hawalifikirii ni kwamba huduma hii yenyewe hunenepesha. Mwosha hualikwa kila msiba, na kila msiba una sufuria. Asubuhi ya mazishi kuna chai ya sukari nyingi na maandazi, mchana kuna pilau au wali wa nazi, kisha kuna hitima, na baadaye arobaini, na wafiwa humpakulia mwosha kuliko wengine kwa sababu ndiyo shukrani waliyonayo. Kukataa ni kuwavunja moyo. Nilichojifunza ni kupokea sahani kwa mikono miwili, kula kidogo mbele yao, na kuomba kilichobaki nifungiwe nikapeleke kwa jirani. Hadithi aliyoipokea Tirmidhi inasema kwamba mwanadamu hajajaza chombo kibaya zaidi kuliko tumbo, na kwamba asipokuwa na budi basi theluthi iwe ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi. Nilikuwa nikiijua hadithi hiyo tangu madrasa, ila maana yake niliipata kwenye misiba.

Saa 2 nilikuwa kwenye cherehani, na sare za shule zilikwenda vizuri.

Saa 3 na nusu mzee wa msikiti alipiga simu. Niliwapigia wanafunzi wangu wawili, nikachukua mfuko wangu ambao hukaa tayari nyuma ya mlango: glovu, barakoa, pamba, mkasi, sabuni, karafuu maiti, majani ya mkunazi yaliyosagwa, udi na marashi. Bafta ya sanda niliikata pale pale dukani kwangu. Mwanamke huvishwa vitambaa vitano: shuka ya chini, kanzu, mtandio, na nguo mbili za kuviringishia. Tukapanda bajaji.

Saa 4 na nusu tulifika, maji yalikuwa yamekwisha kuchotwa, na hapo ndipo siku iliposimama.

Mtoto wa kiume wa marehemu alikuwa njiani kutoka Dar es Salaam. Ni zaidi ya kilomita 500, na basi lilikuwa limeharibika usiku. Kila mtu wa Kusini anaijua barabara hiyo. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata eneo la Somanga, tulikaa huku kama watu wa kisiwani. Kwa hiyo kuchelewa kwa kijana hakumshangazi mtu. Kilichotukalisha chini ni shangazi wa marehemu, bibi wa makamo ya juu, mwenye sauti, ambaye alikaa mlangoni mwa chumba na kusema kwamba maiti haiguswi mpaka mtoto aione. Shehe wa mtaa alimweleza kwa upole kwamba sunna ni kuliharakisha jeneza, na kwamba mtoto anaweza kumwona mama yake baada ya kuoshwa na kabla uso haujafungwa. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema haiguswi.

Tulikaa mkekani. Joto la Mtwara mwezi wa korosho halina upepo, nami koo lilikuwa limekauka. Bibi hakuwa na la kufanya ila kunitazama, na baada ya muda alinigeukia.

"Mwanangu, ni wewe uliyemwosha mama yetu mwaka ule?"

"Ndiyo, bibi, ni mimi."

"Mbona umekwisha hivi? Sukari? Au ndani hamna amani?"

Nilimwambia nina afya, nimepungua kwa kukusudia, daktari alinishauri. Hakuridhika. Aliwaambia wanawake waliokuwapo kwamba zamani nilikuwa mtu, nimejaa, unaona kabisa kwamba huyu ni mwosha, na kwamba leo hajui kama mikono hii itamudu kumwinua mtu wao. Wengine walitikisa kichwa kwa huruma. Mmoja alininong'oneza jina la mganga. Mazungumzo hayo yalirudi kila alipoingia mgeni mpya, na kila mgeni alielezwa upya jinsi nilivyokuwa na jinsi nilivyo, huku sinia la maandazi likipita mbele yangu na mimi nikisema nimefunga, na kufunga kwangu nako kukawa ushahidi wa ugonjwa.

Sikumkasirikia, au niseme nilimkasirikia nikakaa na hasira yangu. Kwetu mwanamke anayepungua huhesabiwa kuwa ana ugonjwa, njaa au mume mbaya, na si ajabu, kwa sababu bibi kama yule ameishi miaka ambayo kukonda kulimaanisha hayo hasa. Wakati wa ukame watu walikula ming'oko, mizizi ya porini, kwa sababu ndiyo iliyokuwapo. Mwili uliojaa ulikuwa habari njema. Lakini mimi najua nilivyokuwa na kilo 93: nilikuwa nikipiga magoti kando ya kitanda cha kuoshea na kushindwa kunyanyuka bila kushikwa mkono, na pumzi ilinikatika katikati ya dua. Mwili ule uliosifiwa haukuweza kumhudumia maiti ipasavyo. Watu wanaponitazama husema mwosha huoshwa, na ni kweli, nami sipendi siku hiyo wanawake wanne wahangaike na mzigo ambao ningeweza kuupunguza nikiwa hai.

Adhuhuri ilipita. Simu ya kijana ilisema yuko Lindi. Shehe alirudi mara nyingine, safari hii na kaka wa marehemu, na kaka alisema neno moja tu kwa bibi, kwamba tusimtese marehemu. Bibi akasogea mlangoni. Sharti lake lilikuwa kwamba aingie ndani.

Tukaanza. Kitanda kilikuwa kifupi, kinanifika magotini, na chini yake palikuwa pamechimbwa shimo la kupokea maji. Katika kumwinua marehemu kutoka godoroni, mmoja hukaa mabegani, mmoja kiunoni, mmoja miguuni, shuka ikiwa imepita chini yake. Magoti yakunjwe, mgongo unyooke, mzigo uwe karibu na kifua, na nguvu itoke mapajani, na wote wainue kwa neno moja, Bismillahi. Anayeinama kwa kiuno ataumia, na akiumia atamwachia, na hakuna udhalilishaji wa maiti unaozidi kuachiwa.

Mtume aliwaagiza sahaba wa kike Ummu Atiyya na wenzake walipomwosha binti yake: mwosheni mara tatu au tano au zaidi, kwa maji na mkunazi, na mara ya mwisho mtie kafuri, yaani karafuu maiti, na muanze na upande wa kulia na viungo vya udhu. Maneno hayo yanasomwa kwa dakika moja, ila kuyatekeleza ni kazi ya muda mrefu ya mikono. Ili kuosha mgongo, kiganja kimoja hukaa begani na kingine nyongani, unamvuta marehemu kukuelekea taratibu, kisha unamzuia hapo kwa mkono wako wote mpaka kiwiko, akiegemea kwako, huku mwenzako akimwagia maji na kusugua kwa kitambaa chini ya nguo ya sitara ambayo haitakiwi kuteleza hata kidogo. Hapo huwezi kupumzika wala kubadilisha mkono. Misuli ya bega hutetemeka, jasho linaingia machoni na glovu zina sabuni, kwa hiyo hulifuti. Halafu upande wa pili, na mzunguko mwingine, na ndoo nyingine, na kila ndoo ni kilo 20. Mwanafunzi wangu mdogo alianza kulia katikati. Nikamwambia alie huku akimwaga maji.

Bibi nilimpa kazi ya kushika nguo ya sitara upande wa kichwani. Aliishika vizuri tangu mwanzo hadi mwisho, ingawa magoti yalikuwa yakimsumbua na mara mbili niliona ameegemea ukuta. Nywele tulizisuka misuko mitatu. Tukamkausha, tukamvisha. Kijana alifika marehemu akiwa amekwisha kuvishwa, uso ukiwa wazi, akamwona mama yake.

Jeneza liliondoka kwenda kuswaliwa baada ya Alasiri, wanaume wakaenda makaburini, nasi tukabaki kusafisha chumba na kufukia shimo. Saa sikuiangalia tena. Nakumbuka kuoga kwa wafiwa, nakumbuka mapaja yakitetemeka nilipokuwa nikivaa viatu, na kwamba niliweza kuviinamia mwenyewe. Bibi alinifuata hadi kwenye bajaji na bakuli la pilau lililofungwa kwa kanga. Msimamo wake haukubadilika: "Ukafuturu, mwanangu, urudishe mwili." Nilipokea kwa mikono miwili nikamwombea heri. Adhana ya Magharibi ilinikuta barabarani, nikafungua kwa tende iliyokuwa mfukoni. Pilau nilikula theluthi, iliyobaki ikaenda kwa watoto wa jirani.

Wanawake wanaojua kuosha ni wachache, na wengi wao ni watu wazima wenye magoti mabovu. Hadithi iliyomo katika Sahihi ya Imamu Muslim inasema muumini mwenye nguvu ni bora na anapendwa zaidi na Mwenyezi Mungu kuliko muumini dhaifu, na kwa wote kuna heri. Mimi nawataka wenye nguvu, na walio dhaifu watakaokubali kuzitafuta nguvu pamoja nami. Kila Jumamosi baada ya Alasiri huwafundisha wanawake uani kwangu. Tunaanza na fiqhi, yaani sheria za dini, kisha tunajifunza kuinua kwa gunia la mchele la kilo 50 lililofungwa shuka, watatu watatu, na mwisho tunatembea pamoja hadi Boma na kurudi. Aliye Mikindani au Mtwara mjini aje na kanga mbili, daftari, na viatu vinavyofaa kupandia kilima.