Siku moja maishani mwangu: nakagua nyumba ya wazee

Saa 11 na nusu alfajiri

Ukifika saa 3 kwa miadi utakuta mashuka yamenyooka na chai imeshamiminwa. Kwa hiyo mimi hufika zamu ya usiku ingalipo. Ni afisa ustawi wa jamii hapa Unguja, na leo nakagua matunzo katika nyumba moja ya wazee ambayo jina lake nabaki nalo.

Naanza na pua. Mkojo mbichi wa alfajiri si kosa la mtu. Ule uliokaukia godoroni ndio unaonishughulisha, na leo nimeukuta kwenye vitanda viwili upande wa wanawake.

Kisha sala. Wanaojiweza wameshatoka bombani, lakini asiyeweza kuinuka nani anamtia udhu? Fomu yangu haina kisanduku cha suala hilo, nimekichora mwenyewe kwa kalamu. Hapa yupo mhudumu mmoja, kijana wa Makunduchi, anayepita kitanda kwa kitanda na birika na beseni. Anamwosha babu mmoja mguu baada ya mguu, hamharakishi, kisha anamgeuza aelekee kibla. Hakujua kama namtazama. Nimeandika mistari mingi juu yake kuliko juu ya ofisi nzima.

Saa 1 asubuhi

Zamu zinapokezana. "Usiku ulikuwa salama," anasema anayeondoka, mkoba uko begani tayari. Bibi wa kitanda cha dirishani kakohoa mpaka alfajiri, lakini hilo nimelisikia kwake mwenyewe.

Saa 2

Chai, boflo, viazi vitamu. Jikoni sina neno. Mpishi anajua nani hana meno, nani ana sukari na nani hali pweza.

Lipo la maji. Kwenye fomu, "maji ya kunywa yapo" ningelitia tiki na kupita. Lakini bilauri ya mzee mmoja aliyepatwa na kiharusi imewekwa upande wa mkono uliopooza, na midomo yake imekauka. Nimeihamishia upande wa pili. Kainywa yote, akaomba nyengine.

Saa 3

Faili la dawa. Dozi ya presha ya leo usiku imeshatiwa saini. "Dada, natia zote asubuhi nisije nikasahau," kanambia muuguzi, wala hakuona ubaya. Nimemuuliza: mzee akiikataa hiyo dawa usiku, utaandika wapi?

Saa 4

Hapa ndipo ninapotumia muda. Wazee wasioinuka huota vidonda vya kulalia pale mfupa unapokandamiza ngozi: kisigino, nyonga, kiwiko, mwisho wa uti wa mgongo. Tulifundishwa tutafute wekundu. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani mpaka mambo yameshaharibika, kwa hiyo natumia mkono. Nagusa, nalinganisha na sehemu ya jirani, nauliza kama panauma.

Kisigino cha kushoto cha bibi mmoja kina rangi ileile ya mwenziwe, ila kina moto na kigumu. Nikibonyeza anakunja uso. Ngozi bado haijafunguka, kwa hiyo tumewahi. Tumemwekea mto chini ya shavu la mguu ili kisigino kisiguse godoro kabisa.

Halafu nafungua chati ya kumgeuza. Kila baada ya saa 2, usiku kucha, kalamu moja, mwandiko mmoja, hakuna hata dakika iliyopinda. Na zamu ilikuwa na mtu mmoja kwa wazee 19. Hesabu hiyo haikubali.

Saa 9 na nusu alasiri

Chini ya mwembe, wazee wanacheza bao, wahudumu wako mbali. Ndio wakati wa kuuliza pesa. Pencheni jamii ilianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyetimiza miaka 70. Baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Sitaki kujua kama inafika tu, nataka kujua nani anaamua itumike vipi.

"Imeandikwa kwenye daftari, mwanangu," kanijibu bibi mmoja. Anataka buibui jipya, na kila mwezi anaambiwa asubiri. Daftari nimelitazama: hesabu imekaa sawa, senti haikupotea. Buibui tu ndilo halikununuliwa.

Saa 10 na nusu

Kikao na msimamizi, mtu mzima, namwamkia kabla ya kufungua kijitabu. Yeye kashaomba wahudumu wa usiku, barua ananionesha, jibu hana. Nalo naliandika, tena juu kabisa, maana mhudumu anayejaza chati ya uongo peke yake usiku si wa kubebeshwa mzigo wote.

Tumekubaliana: dawa zisainiwe baada ya kumezwa, makabidhiano yafanywe kitandani kwa mzee, kila mzee aulizwe matumizi ya pesa yake. Bibi wa kisigino aonwe na daktari kesho. Msimamizi kaniuliza nitarudi lini. Tarehe sikumpa.