Siku moja tu

Usingizi umegoma kwa hiyo naandika. Wiki yenyewe ilikuwa nzito, karatasi za uhamisho zimetoka na nimepata kule kule nilikoomba, hayo nitawasimulia siku nyingine. Kinachonikaa kichwani ni baba.

Macho yake mnajua yalipofikia, kwa hiyo jioni namsomea. Saa hizi tuko na safari ya Shackleton, yule mpelelezi wa ncha ya kusini, meli yao Endurance ilinaswa kwenye barafu kule Antaktika 1915 ikapondwa ikazama, watu 28 wakabaki juu ya barafu na mashua tatu. Baba alikuwa kimya tu mpaka tulipofika kwa McNish, seremala wao. Hapo akakaa vizuri. Nikamsomea jinsi alivyoipandisha kimo James Caird, mashua ya karibu mita 7 tu, kwa mbao za kuokoteza, akaifunika turubai, akaikalafati, yaani akaziba nyufa, kwa utambi wa taa na rangi na damu ya sili.

"Damu?"

"Damu, baba."

"Ikiganda inashika hiyo. Ikafika?"

"Ikafika. Watu sita, siku 16 baharini mpaka kisiwa cha South Georgia kutafuta msaada, na wale 22 walioachwa kisiwa cha Elephant wakaja kuchukuliwa 30 Agosti 1916, wote hai."

"Na fundi wakampa nini?"

Nikamwambia wenzake wengi walipata medali ila yeye Shackleton hakumpendekeza, maana kule barafuni aligoma kuvuta mashua, akisema meli imeshazama, mkataba umeisha. (Paka wake alikuwa ameshapigwa risasi, hilo nimemficha baba.)

"Aligoma siku ngapi?"

"Siku moja."

"Siku moja tu," akasema, akageukia ukutani. Yaliyompata baba kule kiwandani mnayajua, sirudii, lakini ile "tu" yake naisikia mpaka sasa, nikiosha vyombo naisikia, nikifunga mlango naisikia.

Leo asubuhi nikamsomea kipande cha mbele, Shackleton na wenzake wawili wanataka kuvuka milima yenye barafu ya South Georgia kwa miguu, McNish akachomoa skrubu kwenye ile ile mashua akazikaza kwenye soli za viatu vyao wasiteleze. Jamani, baba akaomba kiatu chake cha kazi! Akakipapasa soli weeee, anatafuta kila skrubu angeiweka wapi, "hapa mbele nne, kisiginoni mbili zinatosha", uso umemchangamka sijamuona hivyo tangu mwaka jana. Kiatu bado kiko kitandani kwake, sijakitoa.

Ila dada hapokei simu tangu juzi, na sio kawaida yake.